K ya Kulia, K ya Kushoto

Vijana wa chumba cha eksirei mmeniandama tangu siku mliponiaga: "Mzee Zefania, andika." Haya, naandika. Vyeo sitavitaja kwa sababu vilichelewa kuja, na mshahara sitautaja kwa sababu haukuchelewa kwisha. Nitasema habari za kazi yenyewe, na hasa habari ya herufi moja iliyoninyima raha kwa miaka mingi. Mkisoma mkaona mzee wenu alikuwa mwoga, hamjakosea. Mpiga picha asiye na woga mimi simwamini hata akipiga ya pasipoti.

Nilianza kazi miaka michache baada ya Uhuru, nikitokea Kinampanda na cheti cha darasa la nane na suruali moja ya heshima. Hospitali yetu ilikuwa ndogo: daktari mmoja, jenereta moja, na mashine moja ya eksirei iliyoletwa kwa lori ikiwa imezungushiwa majani makavu kama mayai. Mwenye chumba alikuwa Mzee Kitundu, aliyejifunza kazi hii jeshini wakati wa vita ya Wazungu. Siku ya kwanza nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanisukuma ndani ya chumba cha giza na kufunga mlango nyuma yetu.

"Unaona nini?"

"Sioni kitu, mzee."

"Vizuri. Hiyo ndiyo ofisi yako."

Nilikaa mle wiki nzima nikifungua kaseti, yaani kisanduku bapa kinachoficha filamu isipate mwanga, kwa kupapasa, nikibana filamu kwenye fremu kwa kupapasa, nikihesabu dakika kwa mdomo. Ukikosea hesabu, picha inatoka nyeusi kama sufuria ya makande. Maji ya kuoshea yalikuja kwa mapipa kutoka kisimani, na wenyeji wa Singida mnajua mwezi wa kumi kisima kinakuwaje. Maji yaliyoosha filamu ni yale ambayo jikoni waliyataka kwa uji wa wagonjwa. Kuna mwaka mpishi alininunia hadi mvua ya kwanza.

Kitu ambacho Mzee Kitundu alikitunza kuliko mashine ni kikopo cha ugoro. Ndani hamkuwa na ugoro. Mlikuwa na herufi mbili ndogo za madini ya risasi, R na L, kwa ajili ya kulia na kushoto kwa Kiingereza. Kabla ya kupiga picha alibandika mojawapo juu ya kaseti, upande unaohusika, nayo ikatokea kwenye filamu. Nilimuuliza kwa nini anajisumbua hivyo, kwani daktari hajui kulia na kushoto? Akachukua picha ya kiuno iliyokauka, akaiinua dirishani, kisha akaigeuza.

"Sasa niambie, ipi ni kulia?"

Nilitazama. Mifupa ilikuwa ileile. Filamu haina mgongo wala tumbo, ukiigeuza inakutazama vilevile.

"Kifuani tuna nafuu, moyo unajionyesha wenyewe ulipo," alisema. "Kiunoni hakuna moyo. Mgonjwa akikosa dawa leo, atapewa kesho. Akikatwa upande usio wake, kesho haimsaidii."

Niliyashika maneno hayo. Kilichonishinda ni kuyaelewa, na tofauti ya mambo hayo mawili nilikuja kuijua kwa jasho.

Ikaja Ujamaa. Sisi vijana tuliipokea kwa moyo mmoja, na sitaki mtu aje kunicheka leo. Hospitali ikapata shamba la ujamaa la uwele, na kila mfanyakazi akapangiwa wiki yake ya kulima. Kiswahili kikapewa heshima yake. Mbao za Kiingereza zilishuka milangoni, tukapandisha "Wodi ya Wanaume", "Chumba cha Dawa", "Usiteme Mate". Mimi ndiye niliyeshika brashi ya rangi. Nilipomaliza milango nikatafuta kitu kingine cha kukomboa, na macho yangu yakatua kwenye kikopo cha ugoro.

Nikachukua betri mbovu ya lori, nikayeyusha risasi yake kwenye kopo la maziwa, nikachora herufi kwenye udongo mbichi, nikamimina. Ilitoka K nzuri, imesimama wima na mguu wake mbele. K ya kulia. Nilimwonyesha Mzee Kitundu juma lake la mwisho kazini, nikampa zile R na L aende nazo nyumbani kama kumbukumbu. Aliigeuzageuza K yangu kiganjani.

"Na kushoto utaandikaje?"

"Kushoto itabaki bila alama, mzee. Isiyo na K ndiyo kushoto."

Alijikuna kidevu kwa muda. "Haya," akasema. "Mmejitawala."

Nilidhani amenisifu.

Baada yake nilibaki peke yangu, na kila nilipokwenda shambani ilibidi mtu ashike mashine. Daktari wetu, mama mmoja wa Kizungu aliyesema Kiswahili cha kitabuni, akanipa muuguzi mmoja nimfundishe. Jina lake Rehema, mtu wa Mwankoko, mwepesi wa kazi na mwepesi wa majibu. Nilimfundisha kupima unene wa mgonjwa, kuhesabu sekunde, kuchanganya dawa za chumba cha giza, na kuandika kila picha kwenye daftari. Herufi nilimwonyesha kwa kidole tu. "Na hiyo K usiisahau." Akajibu, "Sawa, kaka." Sikumwambia ni ya nini, naye hakuuliza. Kila mmoja wetu alijua Kiswahili.

Mnaona mtego? Mimi sikuuona. Kulia ni K. Kushoto nayo ni K. Mtoto wa darasa la kwanza angeniambia, lakini watoto wa darasa la kwanza hatukuwaajiri.

Basi ndipo akaja Salima.

Aliletwa na mama yake kutoka Issuna, msichana wa miaka kama kumi na sita, amepinda kiuno, bega moja juu na jingine chini, kama mtu aliyebebeshwa ndoo mkono mmoja kisha ndoo ikaondolewa naye akasahau kunyooka. Mama alikuwa mwembamba, mkavu, wa maneno machache yenye ncha.

"Shikamoo, mama," nikamwambia.

"Marahaba, baba. Ndiye wewe unayepiga watu picha za ndani?"

"Ndiye mimi."

"Basi mtazame huyu. Mchana ni mtu, usiku ni kilio. Jua likizama mfupa unamuamkia. Mwaka wa pili huu sijui usingizi ni nini."

Nilipomlaza kifudifudi niliona chale mgongoni, zimepangwa vizuri, kulia na kushoto. Mganga wao hakuwa na eksirei, kwa hiyo alichanja pande zote mbili. Nilicheka moyoni. Sikujua kwamba mwisho wa habari yule mganga atakuwa na sababu ya kunicheka mimi.

Daktari wetu alidhani ni kifua kikuu cha mgongo, maana hicho tulikizoea na ndicho kilichokuwa kikiwapinda watu migongo. Salima akalazwa kwenye ganda la plasta, akachomwa sindano kwa miezi. Hakupata nafuu. Maumivu yalikuja kila usiku, na dawa pekee iliyoyatuliza ni vidonge vya aspirini, vile vya kawaida vya kichwa. Jambo hilo lilimsumbua sana daktari wetu. Akaandika barua kwa daktari bingwa wa mifupa aliyekuwa akija kwa ndege ndogo mara chache kwa mwaka. Bingwa akajibu: mpigeni picha nyingine, ya karibu, pale panapouma tu. Filamu kubwa zilikuwa zimekwisha, hivyo picha ikapigwa kwenye filamu ndogo, kiuno kitupu, pingili chache za mgongo na basi.

Jibu la pili lilikuja na furaha ya kitaalamu ambayo sisi hatukuweza kuishiriki. Ni ugonjwa wa nadra, aliandika, kivimbe kinachoota ndani ya mfupa, kidogo kama punje ya nafaka. Hakiui wala hakisambai. Kinakula usingizi wa mtu na kumpinda mgongo, na aspirini hukibembeleza kwa saa chache. Katika kazi yake yote alikuwa amekiona mgongoni mara mbili. Dawa yake ni kisu. Daktari wetu alitukusanya akatueleza: kivimbe kiko upande mmoja wa pingili, jirani kabisa na mishipa ya fahamu inayokwenda miguuni. Utafunguliwa upande huo tu, mfupa kidogo utachongwa, punje itolewe. Ukifungua upande mwingine, umeharibu mfupa mzima na kuuacha mbovu, na mgongo hauna mifupa ya ziada ya kuchezea. Msichana anaweza asisimame tena. Na bingwa akiondoka harudi kabla ya miezi mingi.

Mama Salima alisikiliza mpaka mwisho. "Atatembea?" akauliza. Daktari akamjibu kwamba ndiyo nia yao. Mama akasema, "Sikuuliza nia."

Siku ya upasuaji ndege ilichelewa. Ng'ombe walikuwa wameingia uwanjani, ikabidi rubani azunguke juu huku wachungaji wakikimbizana nao. Bingwa alishuka akiwa na haraka, maana rubani alitaka kuondoka jua lingali juu. Salima alikuwa ameshachomwa sindano ya kumlegeza, amelala ubavu kwenye machela, ukimwita anaitika kwa mbali. Hata angekuwa macho asingetusaidia sana, siku zote alisema kinauma kiuno chote. Bingwa akaichukua ile filamu ndogo, akaisimamisha mbele ya taa.

"Hii K ni nini?" akauliza.

Hakuna aliyenisukuma kujibu. Nilijibu mwenyewe, tena kifua mbele. "Ni kulia, daktari. Nimeitengeneza mwenyewe kwa risasi ya betri."

"Hongera," akasema. Kivimbe kilikuwa upande uleule wa herufi. Akachovya kijiti kwenye dawa ya zambarau, akamwekea Salima alama kiunoni, upande wa kulia. Wakamwingiza.

Mimi nikarudi chumbani kwangu kuandika kwenye daftari kwamba filamu namba fulani imechukuliwa chumba cha upasuaji. Nikafunua ukurasa. Mwandiko haukuwa wangu.

Nilikuwa nimempiga Salima picha tatu, na kichwani mwangu hii ya nne nayo ilikuwa yangu. Haikuwa. Wiki ile mimi nilikuwa shambani napalilia uwele, na picha ilipigwa na Rehema.  Nikasoma mstari uliofuata, mwandiko uleule, siku ileile: mtoto, mkono wa kushoto, umevunjika. Nikavuta bahasha ya huyo mtoto kutoka kwenye rafu.  Nikainua filamu dirishani.

Mkono wa kushoto. Pembeni yake, safi kabisa, imesimama wima na mguu wake mbele, K.

Rehema hakuwa wa kuulizwa. Alikuwa nyumbani kwao Mwankoko, likizo ya uzazi, na simu hatukuwa nayo. Nilikimbia. Watu walioniona barazani walidhani jenereta imeshika moto.

Chumba cha upasuaji hakiingiliwi na viatu vya nje wala mdomo wazi, na mimi niliingia na vyote viwili. Salima alikuwa amelazwa kifudifudi, amelala nusukaputi, daktari wetu kichwani kwake akimminyia mfuko wa hewa. Mgongo ulikuwa umeshapakwa iodini. Na ulikuwa umenyooka! Usingizi ule ulikuwa umelegeza misuli yote, kile kiuno kilichopinda kimelala sawasawa kama cha mtu mwingine. Bingwa alikuwa ameshika kisu.

"Daktari, naomba usikate."

Alinitazama. Nilijua natakiwa kusema kwa utaratibu, lakini maneno yalitoka yakiwa yamepandana. "Ile K. Sasa hivi nimekwambia ni kulia. Kwangu ni kulia. Aliyepiga picha si mimi, na kwa aliyepiga nadhani ni kushoto."

"Unadhani?"

"Nimeona picha nyingine aliyopiga siku hiyohiyo."

Kisu kilirudi kwenye trei. Bingwa hakupandisha sauti, na afadhali angepandisha. Akauliza, "Nani anakumbuka huyu binti alikuwa anainama upande gani akiwa amesimama? Kivimbe cha namna hii huvuta mgongo upande wake."

Tulikuwa tumemwona kila siku kwa miezi. Daktari wetu akasema kulia. Muuguzi wa vifaa akasema kushoto, halafu akasema hana hakika. Mimi nilimwona akilini amepinda, lakini kila nilipojaribu kumgeuza aangalie mbele, alihama upande. Bingwa akasema, "Mama yake yupo?"

Nilitoka mbio tena. Mama Salima alikuwa amekaa barazani, tasbihi mkononi, midomo inacheza.

"Mama, Salima akisimama anainamia upande gani?"

"Upande wa mkono wa kulia."

Nikageuka kukimbia. Sijui ni malaika gani aliyenishika shati, maana nilirudi nikasema, "Nionyeshe mkono huo." Akainua mkono wake wa kushoto.

"Huo ni wa kushoto, mama!"

"Kwako wewe. Kwa Salima huu ndio wa kulia ugali. Nimempiga tangu mdogo aache, hakuacha." Kisha akaniangalia usoni, na tasbihi ikasimama. "Kuna nini?"

"Simama, mama. Nipe mgongo. Sasa pinda kama anavyopinda yeye."

Alisimama. Mwanamke mtu mzima, mbele ya wagonjwa na watu wao, alinigeuzia mgongo akapinda kiuno, bega moja juu, jingine chini, akapinda hasa, kama aliyeubeba mwili wa mwanawe miaka miwili. Alipindia kushoto.

"Kushoto," nikasema nilipoingia.

"Ulikuwa mbele yake au nyuma yake?" bingwa akauliza.

"Nyuma."

Akautazama ule mgongo ulionyooka. "Naamini. Lakini sikati kwa kuamini. Nataka picha."

Jenereta yetu haikuweza kulisha taa ya upasuaji na eksirei kwa pamoja. Taa ikazimwa. Tukamsukuma Salima barazani akiwa amelala kifudifudi, daktari wetu akitembea kinyumenyume na mfuko wa hewa mkononi, kumpeleka chumbani kwangu. Tulipita mbele ya mama yake. Alisogeza miguu tu tupite.

Herufi sikuigusa. Nilichukua pini ya nepi, nikaibandika kwa plasta ubavuni mwa mgongo, kushoto. Nilimshika mkono wa kushoto wakati nabandika, nikauliza kwa sauti, "Huu ni wa kushoto?" na watu wanne, wawili kati yao madaktari, wakajibu pamoja, "Wa kushoto." Nikapiga. Nikaingia gizani.

Dakika zile ndizo ndefu kuliko zote nilizowahi kuhesabu, na nilizihesabu kwa sauti kwa sababu nilijiogopa mwenyewe. Mkiharakisha, picha inatoka hafifu, mkichelewa inaungua, na nje ya mlango kuna mtoto wa mtu amelala nusukaputi na rubani anatazama jua. Nilisali pia. Sala na hesabu vikachanganyika, nikajikuta nasema "Baba yetu, sitini na moja."

Nilitoka na filamu inachuruzika maji hadi kwenye mikono ya shati. Bingwa akaishika kwenye mwanga wa dirisha. Pini ilikuwa pale, wazi kama iliyo mkononi. Na upande uleule wa pini, ndani ya pingili, palikuwa na kidoa kidogo kilichozungukwa na mfupa uliokazana, mweupe kuliko wenzake.

Kushoto.

Bingwa alikwenda kunawa upya. Daktari wetu aliichukua pamba yenye spiriti akaifuta ile alama ya zambarau upande wa kulia, akafuta tena hata ilipokuwa haionekani. Mimi niliambiwa nibaki, nishike filamu. Nilisikia patasi ndogo ikigonga mfupa, tok, tok, na kila mgongo ulipogongwa nilibana meno. Alipomaliza aliweka kitu kwenye kibakuli cha chuma. Kililia kama punje iliyodondoka. Mwaka wa pili wa kilio, miezi ya plasta, mama asiyelala, vyote ni kitu ambacho kuku angekimeza bila kutazama.

Salima alipozinduka daktari wetu alimwambia achezeshe vidole vya miguu. Vya mguu mmoja vikacheza. Tukangoja. Vya mguu wa pili vikacheza. Nilitoka nje nikakaa chini, na sioni haya kusema kwamba nililia.

Bingwa alinikuta hapo akielekea kwenye ndege. "Mara ya kwanza uliniambia kulia, wala hukusita."

"Ndiyo, daktari."

"Siku nyingine usite." Akanipa mkono, akaondoka.

Ile K niliiyeyusha siku iliyofuata nikatengeneza KL na KS, ndizo mnazozitumia mpaka leo, na ndiyo maana nilikuwa nawagombeza mkibandika moja bila kusema kwa sauti mgonjwa asikie. Mnasema mzee ana kelele. Sasa mnajua zilikotoka. Rehema aliporudi na mtoto mgongoni nilimweleza. Alikasirika, na alikuwa na haki. "Kaka, kulia kila mtu anakujua," akasema. "Kinachotaka alama si ni kushoto?" 

Siku za kurudi Issuna zilipofika, Salima alikuwa anatembea wodini amenyooka, mrefu kuliko tulivyodhani. Mama yake alinijia chumbani. Nilimwamkia, akaitikia, akakaa kwenye benchi la wagonjwa.

"Baba, siku ile mbona uliniinamisha mbele za watu?"

Ningeweza kusema ni utaratibu wa kitaalamu. Nilikuwa na koti jeupe, angekubali. Lakini mgongo ule alikuwa amenigeuzia bila kuuliza. Nikamwambia yote: betri, herufi, Rehema, alama ya zambarau upande usio wake, kisu kilikuwa wapi. Nilidhani atanilaani, na nilikuwa tayari. Alikaa akitazama mashine.

"Na wale wengine?" akauliza.

"Wengine gani, mama?"

"Waliopigwa na K hiyo."

Sikuwa nimewafikiria. Nasema kweli yangu yote: siku zote zile nilikuwa namshukuru Mungu kwa ajili yangu na Salima, sikuwa nimewafikiria.

Alipoondoka nilichukua daftari nikatafuta mwandiko wa Rehema, ukurasa kwa ukurasa. Wengi hawakunitia hofu. Mkono uliovunjika unajionyesha, kifua kina moyo wake. Waliobaki ni wachache, na nilichukua likizo yangu nikawafuata kwa baiskeli, mmoja mmoja, nikiwauliza walitibiwa nini na upande gani. Mwanamke wa nyonga alikuwa mzima. Kijana wa goti alinicheka. Nikabaki na mmoja, Mzee Njiku, ambaye figo lake moja lilikuwa limeharibika. Alipelekwa hospitali kubwa, mbali, akatolewe hilo bovu, na filamu ya Rehema, yenye ile K, alikwenda nayo mwenyewe, ndani ya bahasha, kwenye mfuko wa nguo.

Nilifika kwake nikakuta ghala limelala na majivu ya zamani. Walikuwa wamehamishiwa vijiji vya ujamaa, ndugu huyu kijiji hiki, ndugu yule kile. Nilikwenda kijiji cha kwanza, nikaenda cha pili. Kwenye cha tatu waliniambia familia hiyo ilipita hapo, haikukaa. Niliandika barua tatu kule hospitali kubwa, nikajibiwa moja: jina hilo hatulioni.

Alikuwa na figo moja zima na moja bovu. Sijui walimkata upande gani.